Ng'ombe Kwenye Migomba ya Mzee Were

Lavington watu hufuga mbwa, na mwenye kujipenda zaidi hufuga kasuku. Ng'ombe wanamjua akiwa ameshakatwa vipande na kufunikwa plastiki dukani. Ndiyo maana siku ile, Mwangangi alipofungua geti kubwa ili ng'ombe mmoja apate maji ya kunywa, na wale wengine wote wakaona kwamba mwaliko huo unawahusu, hapakuwa na mtu mtaani aliyejua la kufanya.

Lakini tusimwandame Mwangangi mapema hivi. Lawama zake zitamfikia, na shukrani zake pia. Tuanze na mwenye geti.

Mwenye geti alikuwa Rachael Nanyama, mjane wa Mzee Were. Mumewe alikuwa mtumishi wa serikali wa zama zile ambapo mtu aliweza kununua kiwanja Lavington kwa mkopo wa kazi na bado akapata usingizi. Walijenga, wakazaa, wakazeeka humo humo. Mzee Were alivaa tai kwenda ofisini mjini miaka yote ya utumishi wake, lakini ukimvua ile tai ulimkuta mtu wa Kakamega mtupu. Mbele ya nyumba, pale ambapo majirani walipanda waridi, yeye alipanda migomba. Alileta machipukizi kutoka kwao kwenye buti ya gari, yamefungwa kwa gunia lililoloweshwa, akachimba mashimo mwenyewe na kukataa kusaidiwa. Bi. Wanjugu, jirani wa ng'ambo ya barabara na mwenyekiti wa chama cha wakazi, alikuja siku moja kumweleza kwa adabu kwamba upande wa mbele wa nyumba kwa kawaida huwa ni wa maua.

"Mama, hata mgomba hutoa ua," Mzee Were akamjibu. "Na ukimaliza kulitazama, unakula."

Tangu hapo kila mkungu ukikomaa Bi. Wanjugu alipelekewa fungu lake, na habari ya maua haikusikika tena. Kinywa kilichojaa hakilalamiki.

Mzee Were alikufa mwaka wa korona. Alikohoa siku chache, akapelekwa hospitali, na Rachael akabaki nje ya lango na mfuko wa uji ambao hakuna aliyekubali kuupokea. Akafa humo ndani bila kumwona mtu wake hata mmoja. Majibu ya vipimo yalikuja baada ya mazishi, yakisema hakuwa na ugonjwa huo kabisa, ulikuwa ni moyo tu uliomchosha. Lakini kufikia hapo alikuwa ameshazikwa kwa sheria za wakati ule. Walifika Kakamega asubuhi, wakakuta kaburi limechimbwa, na watu waliovaa mavazi meupe toka utosini hadi unyayoni wakalishusha jeneza upesi upesi. Lenox, mwanawe wa kwanza, alinyoosha mkono aliguse mara ya mwisho akaambiwa asimame mbali. Mchungaji aliomba kwa haraka, barakoa ikimkata maneno. Kabla ya jua kukaa vizuri angani waliambiwa watawanyike.

Sasa, anayetoka upande ule anaelewa ubaya wa jambo hili, na asiyetoka huko inafaa aelezwe. Kwao Mzee Were, mtu wa heshima hafukiwi kimya kimya. Huletwa ng'ombe, madume yenye pembe, yamevishwa majani vichwani, yakaswagwa kuzunguka boma la marehemu huku watu wakikimbia nayo, ngoma za isukuti zikilia na firimbi zikipigwa. Wanaiita shilembe. Migomba ya marehemu hulazwa chini, shamba lake likavurugwa makusudi, maana mwenyewe ameondoka na shamba nalo halina budi kujua. Mjane husimama katikati ya vumbi hilo akalia mpaka sauti imwishie. Kesho yake huamka bado ana huzuni, lakini huzuni iliyofunguliwa kamba.

Rachael hakupata hilo. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na ng'ombe, hakukuwa hata na jirani wa kumshika kiuno akianguka. Kwa hiyo hakuanguka. Hakulia kaburini, hakulia garini wakirudi Nairobi, na machozi alipoyatafuta baadaye peke yake chumbani hayakuja. Kanisani kwao Hurlingham watu walimsifu kwamba ana imani kubwa. Aliitikia, "Tunamshukuru Mungu," na kitu kimemkaa kifuani kama tonge lililokwama, halishuki wala halitoki.

Mgeni akija kwako hata kwa chai tu, akiondoka unamsindikiza mpaka barabarani. Mumewe alikuwa ameondoka bila kusindikizwa. Rachael alihisi, na hili hakumwambia mtu, kwamba Mzee bado yuko njiani mahali fulani, anageuka kutazama nyuma kama kuna anayekuja. Janga lilipotulia alimpigia simu shemeji yake mkubwa kijijini, akamwomba wamfanyie ndugu yao ile heshima hata kama imechelewa.

"Shemeji," mzee yule alimjibu kwa upole, "ng'ombe hukimbizwa maiti ikiwa uani. Mlango huo ulishafungwa. Wewe mwombee tu."

Lenox naye, mtoto mwema lakini mtoto wa mjini, alisema wangefanya ibada ya kumbukumbu, wapange hema na chakula. Rachael alikubali yote mawili, kuomba na kungojea hema. Maji yakimwagika hayazoleki. Alichobaki nacho kilikuwa ile migomba, na aliishika kwelikweli. Ukame ulipoingia na mifereji ya mtaa ikakauka, waridi za watu zikageuka kuni, yeye alioga ndani ya karai ili maji yake yakamwagwe kwenye mashina ya Baba Lenox. Mwangangi, mfanyakazi wake wa nyumbani, alipewa amri moja iliyozidi zote: jani hata likifika chini liachwe likauke lenyewe, mtu asilikate. Hiyo migomba ilikuwa mume aliyesalia.

Ukame ule ndio ulioleta ng'ombe mjini. Ukitokea Kawangware ukaingia barabara ya James Gichuru ungewaona, wanyama wa Wamaasai waliotembezwa kutoka Kajiado, mbavu nje, wanachuma majani ya ukingoni mwa barabara huku magari ya bei mbaya yakipiga honi. Wachungaji waliwapitisha mbele ya magorofa mapya na malango yenye walinzi, wakitafuta majani popote ambapo mtu hakuyazungushia ukuta. Majani walipata kidogo. Maji hawakupata.

Asubuhi hiyo boza la maji lilikuwa limetoka kujaza tangi la Rachael. Mwangangi alikuwa anafagia nje ya geti aliposikia kwato. Kundi lilisimama upande wa pili wa barabara, na mchungaji wake, mwanamume mrefu aliyejifunga shuka juu ya koti la mvua, alikuwa anahangaika kuwatoa wengine kwenye ua wa michongoma wa Bi. Wanjugu. Ng'ombe mmoja mwekundu, jike zee lenye pembe pana, alivuka barabara peke yake akaja kusimama mbele ya Mwangangi. Alikuwa amesikia harufu ya maji. Alitoa ulimi akalamba geti, kwa kuwa lilikuwa na umande.

Mwangangi ni Mkamba wa Kitui, sehemu zile ambako mto ni mchanga mtupu na maji huchimbwa chini yake. Kwao mtu anaweza kukunyima chakula na mkabaki majirani. Akinyima mnyama maji, hata mbuzi wake mwenyewe watamtazama vibaya. Aliwaza kuleta karai, akaona karai kwa ng'ombe huyu ni kumdhihaki. Kulikuwa na birika la saruji karibu na tangi, la kufulia. Kigeti kidogo hakikutosha pembe zile. Akafungua kubwa.

Na hapo ndipo alipokosea, kwa kosa ambalo Mkitui peke yake angelifanya. Kwao ng'ombe hufundishwa zamu. Kwenye kisima cha mchangani wanasimama mbali, mwenye kisima anapiga mluzi, anakuja mmoja, anakunywa, anaondoka, mluzi tena. Hakuna anayesukumana, maana kisima kikibomoka wote wamekufa. Mwangangi hajawahi kuona ng'ombe asiyejua hivyo. Kwa hiyo alimwingiza yule mwekundu, akafungulia mfereji wa birika, akapiga mluzi wake mrefu wa nyumbani, wa kumwambia mnyama anywe kwa raha zake.

Ng'ombe wa Kajiado hawakuwa wamesoma shule hiyo. Kwao mluzi ulikuwa mluzi, na maji yalikuwa maji. Waliinua vichwa wote pamoja, wakavuka barabara mbele ya gari la daktari mmoja lililofunga breki likalia, na wakaingia Lavington ya ndani.

Rachael alikuwa jikoni anasonga ugali wa mapema, kwa sababu Mwangangi hula mapema. Alisikia ngurumo akadhani ni lori. Kisha dirisha likawa giza, akainua macho, akakutana uso kwa uso na ng'ombe aliyekuwa anatafuna kitambaa chake cha kichwa, kile cha kanisani, alichokianika kwenye kamba.

"Mwangangi!"

"Mama, usitoke nje!" sauti ikatoka upande wa tangi. "Ni hizi ng'ombe! Nimejaribu kuziambia!"

Alitoka na mwiko wake mkononi, ugali bado umeushika. Uani hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Mmoja alikuwa amesimama verandani anajitazama kwenye kioo cha mlango bila kuridhika na anachokiona. Wawili walikuwa wamemaliza sukuma wiki na sasa wanajadiliana na kitunguu. Mwingine alikuwa amevaa ndoo ya mopu kichwani, anarudi kinyumenyume kuelekea kwenye gari. Rachael alimchapa wa kwanza kwa mwiko. Ng'ombe aligeuka, akaulamba mwiko ukatakata, akashukuru kwa kutikisa sikio.

"Toka! Tokeni! Nani amewaleta hapa?"

Ndipo aliposikia upande wa mbele wa nyumba sauti ya kitu kizito, chenye maji, kikipasuka. Mgomba ukivunjika haulii kama mti. Unatoa pumzi. Rachael aliijua sauti hiyo tangu utotoni, na miguu yake ikakimbia kabla yeye hajaamua.

Alikuta migomba miwili imelala tayari, ndama wanakula moyo wa ndani, ule mweupe wenye maji. Dume kubwa la rangi ya majivu lilikuwa limeegemeza bega kwenye wa tatu, ule uliobeba mkungu. Rachael alijitupa mbele yake akatandaza mikono. Mwanamke wa umri wake, na magoti yale mabovu, amesimama mbele ya dume kwa vazi la jikoni.

"Hii hapana!" alipiga kelele. "Kuleni nyumba mkitaka! Hii ni ya Baba Lenox!"

Dume lilimtazama bila uadui. Lilimzunguka, likaegemea upande wa pili, na mgomba ukatoa pumzi ukaja chini, mkungu na vyote, ukaanguka pembeni mwa miguu yake. Lilipoinua kichwa, jani refu la mgomba lilikuwa limenasa kwenye pembe, linaning'inia juu ya uso wake mpaka puani.

Rachael aliinua mwiko. Mkono ukabaki juu.

Mchungaji alikuwa ameingia sasa, yeye na mwenzake, wanapiga firimbi na kupaza sauti, wakijaribu kuwarudisha wanyama getini. Lakini getini bado walikuwa wanaingia wengine. Walioswagwa kutoka nyuma hawakuwa na pa kutokea ila kufuata ukuta, na ukuta ukawazungusha. Kundi lilianza kukimbia kuzunguka nyumba. Lilipita jikoni, likapita kwenye kamba ya nguo, likatokea upande wa pili na kupita mbele ya Rachael, na lile dume lililovaa jani likiwa mbele. Likazunguka tena. Ardhi ile kavu ilinguruma chini ya kwato kama ngoma, vumbi likapanda mpaka kwenye mabati, firimbi zikalia, wanaume wakaita, na migomba ikaendelea kulala chini mmoja mmoja.

Alikuwa ameyaona mambo haya zamani, alipokuwa bibi harusi mpya, baba mkwe wake alipokufa. Mzee Were, kijana wakati huo, alikimbia mbele kabisa akiwa kifua wazi, na jioni alimwambia mkewe, sauti imemkauka: "Siku yangu ikifika, usiwaache wanipeleke kama barua." Na walikuwa wamempeleka kama barua.

Kitu kile kilichokwama kifuani kilisogea. Rachael alifungua mdomo akitaka kumwita Mwangangi, na kilichotoka hakikuwa jina la Mwangangi. Ulikuwa ukemi. Ulianza chini kabisa, ukapanda, ukamtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akaogopa, na haukukatika. Alimwita mumewe kwa jina lake lote, na jina la babake, na la ukoo wao. Alimuuliza kwa nini alienda hospitali na slipa za mtu mwingine. Alimwambia uji ulimwagwa. Machozi yalimshuka mpaka shingoni, akaanguka magotini kwenye matope ya maji yake mwenyewe ya kuoga, akalia kama wanavyolia kwao, kwa mwili wote.

Mwangangi alikuja mbio akijua kwamba ameua. Aliona mama yuko chini, dume liko karibu, akaunganisha mawili hayo.

"Mama! Imekupiga wapi? Uuu, Mwiai, Mungu wangu! Imekupiga wapi, Mama?"

"Niache," Rachael alisema katikati ya kilio. "Niache, Mwangangi. Nishikie mwiko."

Akaupokea mwiko. Mama alivua viatu, akaokota jani la mgomba, akasimama, na kundi lilipozunguka tena akaingia nyuma yake akikimbia. Hakukimbia sana, magoti hayakumruhusu. Alikimbia kwa mwendo wa mtu anayefukuzia gari huku anajua litamngoja. Alipunga lile jani, analia, anaita, na kila alipopita mbele ya Mwangangi uso wake ulikuwa unazidi kuwa mwepesi. Mwangangi alisimama na mwiko kifuani kama askari wa gwaride, hajui amsimamishe au aombe.

Bi. Wanjugu alifika getini na simu mkononi. Alikuwa ameshapiga picha ya ua wake na kuituma kwenye grupu la wakazi, na maneno makali yalikuwa yanaendelea huko: waitwe askari wa kanjo, ng'ombe wakamatwe, mwenye kufungua geti ajitaje. Alikuwa ameshampigia Lenox pia, akamwambia mamake amechanganyikiwa, aje haraka. Lenox hufanya kazi Hurlingham, kwenye magorofa ya barabara ya Argwings Kodhek. Aliona foleni ya magari, akaacha gari lake akapanda bodaboda, suti na yote.

Alipoteremka na kuona ile hali, alimkimbilia mamake, akamshika mabega.

"Mama! Umeumia? Uko sawa? Nani alifungulia hizi ng'ombe?"

"Lenox," Rachael alisema, akihema. "Tazama."

"Natazama, Mama, zimemaliza shamba lote la Baba! Hakuna hata moja imebaki!"

"Ndiyo. Tazama vizuri."

Lenox alitazama. Alikuwa mtoto wa Lavington, lakini likizo zote za utoto wake alizimaliza Kakamega, na kuna vitu mtu haviiti kwa jina ila mwili wake unavijua. Aliona migomba chini. Aliona dume na jani lake. Aliona vumbi, na mamake, miguu mitupu, mashavu yamelowa.

"Walinikataza nisimguse," alisema polepole. Hilo alikuwa hajalitamka tangu siku ile. "Mama, hata jeneza walinikataza."

"Najua, baba."

Wakati huu mchungaji alikuwa amefanikiwa kupunguza mwendo wa kundi, na geti lilikuwa limeachwa wazi. Jina lake Parmuat. Aliona mwanamume wa suti amefika, akajua sasa mambo yamekuwa ya polisi. Akaanza kuliswaga lile dume kuelekea nje.

Lenox alimpungia mkono. "Ngoja! Mzee, ngoja kwanza. Zungusha tena."

"Ati nini?"

"Zungusha tena. Mara moja tu. Tafadhali."

Parmuat alimtazama mwenzake. Kuna vitu vingi alivyoambiwa na watu wa Nairobi tangu aingie mjini, vingi havisemeki, lakini hicho kilikuwa kipya. Akapiga firimbi. Lenox alivua koti akamrushia Bi. Wanjugu, akalegeza tai, na kundi lilipoanza kukimbia akaingia mbele kabisa, karibu na pembe, viatu vyake vya ofisini vinateleza kwenye maganda ya migomba. Aliita, "Baba! Baba yee!" kwa sauti ambayo mamake alikuwa hajaisikia tangu mzee mwenye sauti hiyo alipokuwa kijana. Walizunguka nyumba yote, na walipomaliza Lenox alikumbatia shingo ya dume lile, akaficha uso kwenye manyoya yake machafu, mabega yakatikisika. Dume lilisimama. Labda lilikuwa limechoka. Rachael yeye aliamini limeelewa, na alimshukuru Mungu kwa sauti bila kuona haya.

Bi. Wanjugu alikuwa amelishika koti kifuani. Simu yake ilikuwa inalia lia kwa jumbe.

"Mama Lenox," aliuliza kwa sauti ndogo, "sasa niandike nini kwa grupu?"

Rachael alijifuta uso kwa pindo la vazi. "Andika kuna msiba kwa Were. Mwenye nafasi aje."

Bi. Wanjugu akaandika. Hakuuliza msiba gani. Mwaka ule yeye pia alikuwa ametuma rambirambi kwa simu tu, akiwa ng'ambo ya barabara, na lilikuwa linamuuma.

Kisha ikaja zamu ya Mwangangi. Alikuwa ameshajipangia maneno na, moyoni, ameshafunga begi.

"Mama, ni mimi nilifungua. Nilijua ni moja tu. Ilikuwa inalamba geti. Hata ukinifuta, Mama, ni haki yako."

Rachael alichukua ule mwiko kutoka mikononi mwake, akauweka chini, akaishika mikono yenyewe kwa mikono yake yote miwili. Alitaka kusema mengi. Alitaka kumweleza habari za mtu anayegeuka njiani kutazama nyuma, na kwamba sasa anaweza kuendelea na safari yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na yeye alikuwa amepona mbele ya macho ya huyu mtu bila yeye kujua alichokiponya.

"Mungu akubariki, Mwangangi," alisema. "Mungu abariki na waliokuzaa. Wafungulie maji, wanywe washibe. Tangi lote."

"Tangi lote, Mama? Boza limetoka hapa sasa hivi."

"Watu wakija msibani hawapewi maji?"

Mwangangi alifungua mfereji mpaka mwisho. Safari hii alisimama kando ya birika, akawapigia mluzi mmoja mmoja, na ajabu ni kwamba, sasa walipokuwa wameshakimbia vya kutosha, walikuja kwa zamu. Majirani walianza kufika. Walikuja kwa miguu, jambo ambalo mtaa ule haukulizoea, mmoja na sukari, mwingine na thermosi ya chai, yule daktari aliyefunga breki akiwa na mkate. Walisimama kwenye vumbi, katikati ya mashina yaliyopasuka, wakamwambia Rachael maneno waliyopaswa kumwambia zamani. Naye alilia tena na kila mmoja, na ilikuwa raha kulia.

Parmuat aliwaona wageni wakiingia. Aliwaona wanawake wakimshika mama mikono, akamwona yule mwanamume wa suti ameketi chini ukutani macho mekundu. Polepole ikamjia amefanya nini. Ameingiza ng'ombe kwenye nyumba yenye maiti. Alivua kofia, akampa mwenzake fimbo, akaja mbele ya Rachael ameinamisha kichwa.

"Mama, pole sana. Utusamehe. Sisi hatukujua kuna msiba hapa." Aliutazama mlango wa nyumba. "Mnazika lini?"

Rachael alimtazama, vumbi la ng'ombe wake bado likiwa kwenye nyusi za wote wawili.

"Tumemzika sasa hivi, baba," alisema. "Si mlikuwa hapa?"